Chuma cha Padri Aubin

Katana, tarehe 9 Februari 1975

Kwako Sidonie,

Serikali inakuita M'Zihindula, yaani binti Zihindula, na ni vizuri, maana Zihindula mwenyewe ni mimi. Lakini ndani ya barua zangu utabaki Sidonie, na kama kuna mutu wa Chama anayefungua barua za watu huko posta, asome kwa subira mpaka mwisho, atakuta salamu zake huko chini.

Mutoto anaendeleaje? Mama yako anauliza kila siku kama maziwa yanatosha. Mimi ninauliza jambo lingine: mmekwisha kumpa jina? Nilisema mningoje. Kwenye karatasi ya ofisi ya komini andikeni lile la Kiafrika ambalo sheria inataka, lakini nyumbani mjukuu wangu ataitwa Aubin, kama mjomba wake, kama Padri. Na nitamwekea Chuma kichwani kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa neno lililoniketisha mezani. Serikali imechukua shule za misioni, na shule yetu ya Padri Aubin huko Goma inatakiwa kupata jina jipya kabla ya Pasaka. Direkta Sikuli ameniandikia kwa heshima sana, kama mkubwa wa wanafunzi wa zamani. Anasema Inspekta ni mutu wa kusikia maneno: tukimwonyesha kwa maandishi kwamba Padri Aubin alitupenda sisi weusi, jina linaweza kubaki. Basi nimezunguka, magoti yangu yanajua. Nimepata sahihi mia moja na kumi na mbili. Wengi hawakusoma hata ombi lenyewe. Waliniambia, "Muzee, kama weye umeshaweka sahihi, siye ni nani?"

Kilichobaki ni historia yake. Wewe ni sekretari pale, mashini ya kuandika ni yako na funguo ni zako. Kabati la Padri la mbao liko nyuma, katika biro, ile ofisi ya Direkta. Fungua, tafuta madaftari yake, utoe maneno mazuri ya ukurasa mmoja au mbili. Usisahau habari ya Chuma: jinsi kila mutoto aliyeingia darasa la kwanza alivyopita mbele ya Padri, naye akamshika kichwa kati ya ile mikono miwili ya chuma iliyopinda kama pembe za ng'ombe, akisema maneno kwa sauti ya chini, na sisi wote tukaitika Amina. Na alipoondoka mwaka 1960 aliniachia mimi, mpishi wake, hakuwaachia walimu. Tangu hapo kila Septemba ninapanda meli kuja Goma kuwabariki watoto wapya. Wewe pia kilikugusa ukiwa na miaka sita, na tena siku ya ndoa yako.

Andika na hili: mwaka 1938 nilipoanguka mtihani wa kwenda kusomea ualimu, nikalia siku mbili, Padri hakunifukuza. Alinipa jiko lake. Mwingine angenirudisha kijijini.

Nitafika na meli ya tarehe 21 Machi, sherehe ya kutetea jina pale shuleni iwe Jumamosi tarehe 22. Chuma ninakisugua kwa majivu, kinang'aa.

Papa yako,
Zihindula

Na wewe wa Chama, kama umefika hapa: salamu nyingi, na uifunge barua vizuri.


Goma, Mabanga, tarehe 16 Februari 1975

Papa,

Barua yako ilifika pamoja na maharagi, aksanti sana. Mutoto ni mzima, ananyonya bila kupumzika. Jina bado.

Kabati nimefungua. Panya wamekula karatasi nyingi. Sikuona kitu cha kusaidia. Papa, labda tuache jambo hili. Direkta ana shughuli nyingi, na mwezi wa tatu ziwa halina utulivu, na wewe mwenyewe umesema magoti yanakusumbua. Mutoto tutamleta Katana wakati wa konji kubwa, shule zikifungwa.

Wala usijitaabishe kuleta Chuma. Watoto wa siku hizi wanaogopa kitu cha baridi kichwani.

Msalimie Mama.

Mwanao,
Sidonie


Goma, Mabanga, tarehe 16 Februari 1975

Yaya Aubin, kaka yangu,

Barua hii usiisomee nyumbani kwa Papa. Isome kazini kwako Bukavu, ufunge mlango.

Nimemwandikia Papa leo kwamba panya wamekula madaftari. Nimemdanganya. Panya hawakugusa kitu. Afadhali wangekula yote.

Alinituma kutafuta maneno mazuri ya Padri Aubin ili shule ibaki na jina lake. Nilikuta madaftari matatu, yamefungwa kwa kamba. Nilikaa chini na kalamu yangu tayari. Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza umeandikwa kwa Kifaransa, kwa mkono wa Padri: "Mweusi ni mtoto asiyekua. Hapa nitathibitisha kwa namba." Nilisoma mara tatu nikifikiri ni mimi nisiyejua Kifaransa.

Yaya, kile Chuma ni chombo cha kupima vichwa. Hakikuwa baraka. Alikuwa anapima upana wa fuvu la kila mutoto, na zile sala za sauti ya chini zilikuwa milimita. Nasi tulikuwa tunaitika Amina! Nilikaa pale sakafuni, nikajishika kichwa pande mbili, pale chuma kilipopita siku ya ndoa yangu, Papa akilia kwa furaha.

Kila ukurasa una jina, umri, urefu wa kichwa, upana wake, na safu ya mwisho ya maelezo. Safu ile ni ya kutisha. Makabila yamepangwa kama viazi sokoni, hawa kwa kazi hii, hawa kwa kazi ile, hawa hawafai. Na mwaka 1938 kuna hii, ninakutafsiria neno kwa neno: "Zihindula, miaka 14. Upana 143. Mtihani wa ualimu: hesabu 91 kwa mia, wa kwanza kati ya thelathini na wanne. Ni akili ya kuiga tu, kichwa cha namna hii hakibebi zaidi. Matokeo yasipelekwe. Anafaa jikoni."

Papa hakuanguka. Maisha yake yote anatuambia alianguka, na kwamba Padri alimhurumia.

Sasa jambo ambalo sijui niliweke wapi. Safu ya mwisho ni mkono wa Padri, mbaya, wa kubanana. Lakini majina na namba zimeandikwa kwa mwandiko mwingine. Unaujua. Ile 7 yenye mstari katikati, ile Z yenye mkia. Ni mwandiko wa Papa, kuanzia mwaka 1937 mpaka 1960. Karatasi zote zina alama ya kukunjwa upande mmoja, zimechakaa kwa kushikwa sana. Papa alizishika. Alijua? Mutu anayejua kwamba alipata 91 hawezi kusema alianguka. Ninajiambia hivyo, halafu ninatazama tena ule mwandiko na ninaanza kuuliza upya.

Vichwa vyetu pia vimo. Usiniulize.

Nifanye nini? Anakuja tarehe 21 Machi na Chuma mkononi, na anataka mutoto wangu aitwe Aubin.

Mudogo wako,
Sidonie


Bukavu, tarehe 22 Februari 1975

Mudogo wangu,

Nilifunga mlango kama ulivyosema, na bosi wangu akafikiri ninaiba kahawa.

Barua yako iko mfukoni mwangu tangu juzi. Ninakwenda kazini, ninapanga magunia kwenye karatasi, ninarudi, mke wangu Louise ananiuliza nina nini, ninasema tumbo. Mwaka 1972 Serikali ilipotuvua majina ya wazungu nililalamika kupita wote. Kazini nikawa Sitwayeni, yaani Raia, Mulumeoderhwa, jina la babu yetu, lakini nyumbani niliwaambia wote: Aubin haondoki. Nililitetea jina lile kama mutu anayetetea shamba lake.

Nakuambia nini? Choma. Chukua madaftari yale siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, watu wakichoma takataka, uyatie motoni. Papa ana miaka hamsini na mmoja na moyo wake unajulikana. Shule iitwe vyovyote, lakini muzee abaki na Padri wake. Ukimwondolea Padri, unamwachia nini? Masufuria?

Lakini kama alijua, Sidonie. Kama aliandika na kusoma na akatupitisha sisi wawili mbele ya mutu yule. Sitaki kufikiri hivyo, na ninafikiri hivyo toka asubuhi mpaka jioni. Mwandiko ni wa nani? Wa kwake. Macho yalikuwa ya nani?

Na umesema nisikuulize. Ninakuuliza. Niliingia shule mwaka 1951. Ameandika nini juu yangu?

Yaya wako,
Aubin (kwa sasa)


Katana, tarehe 27 Februari 1975

Sidonie,

Nimesoma barua yako kwa Mama yako, akasema, "Uyu mutoto iko naficha kitu." Mimi pia nimesikia hivyo.

Panya! Kabati lile ni la mti wa libuyu, nililipaka mafuta mimi mwenyewe kila mwaka, hata mchwa hawakulitamani. Sema tu kwamba unaogopa. Umesikia watu wa Chama wanasema kwamba anayetetea padri mzungu anapinga uotantisite, ile siasa ya kurudia asili yetu, na wewe una kazi ya Serikali na mutoto mchanga. Hilo nitalielewa. Hofu si dhambi. Lakini usimsingizie panya.

Nilitumaini ungeniona mara moja nikisimama mbele ya watu kwa neno langu mwenyewe. Nimepika miaka ishirini na miwili. Wenzangu walikuwa walimu, makarani, mmoja akawa burugumesta, mkuu wa komini nzima. Kitu nilichokuwa nacho mimi ni kwamba Padri Aubin alinijua na kuniamini. Ukiona jina lake juu ya mlango wa shule, mimi ninajiona pale, chini kidogo.

Basi usiandike. Nitasema kwa kinywa. Direkta amekwisha kunijibu: watoto mia tatu watapanga mstari, na wapya watapita chini ya Chuma mbele ya Inspekta, aone desturi yetu. Mjukuu wangu atakuwa wa kwanza. Tarehe 21 unipokee bandarini, kama hofu yako inakuruhusu.

Papa yako,
Zihindula


Goma, Mabanga, tarehe 2 Machi 1975

Yaya,

Umeuliza mara moja, sitakuficha. Ukurasa wa mwaka 1951, mstari wa nane: "Aubin, mtoto wa mpishi, miaka 6. Upana 136." Halafu kwa mkono wa Padri: "Wamempa jina langu! Nimecheka mpaka machozi. Ni kama kumvika nyani kofia."

Nisamehe. Nilitaka kuchoma kama ulivyosema. Nilikuwa nimekwisha kushika kiberiti. Lakini Papa ameandika kwamba mutoto wangu atakuwa wa kwanza kupita chini ya Chuma, mbele ya watu mia tatu, na ataitwa kwa jina lile. Hapana, Yaya. Huyo hapana.

Kesho ninamwandikia Papa.

Sidonie


Goma, Mabanga, tarehe 3 Machi 1975

Papa,

Nilikudanganya. Hakuna panya, na siogopi Chama. Niliogopa wewe uumie.

Tafadhali kaa karibu na Mama ukisoma.

Nimeyaona madaftari. Chuma ni cha kupimia vichwa vya watu ili kuonyesha kwamba sisi ni duni. Hayo si maneno yangu, Padri ameyaandika mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza, na nimekuwekea humu nakala niliyopiga kwa mashini, pamoja na mistari mitatu: wako wa mwaka 1938, wa Yaya Aubin wa mwaka 1951, na wangu. Nimenakili mstari wako pole pole, herufi kwa herufi, nikilia, na karani wa pili akafikiri nimefiwa.

Hukuanguka mtihani, Papa. Ulikuwa wa kwanza.

Ninajua hili linakuvunja. Lakini kuna swali ambalo linanivunja mimi, na lazima niliulize ingawa mutoto hamuulizi papa yake hivi. Namba zote na majina yote ni mwandiko wako. Ulijua?

Jibu lolote utakalonipa, mimi ni mwanao. Lakini nijibu. Na kama huwezi kujibu, usije na Chuma kile. Sitakipitisha kwenye kichwa cha mutoto wangu, hata ukinilaani.

Sidonie


Bukavu, tarehe 12 Machi 1975

Mudogo,

Nilikwenda Katana Jumapili. Nilikwenda na hasira, nilitaka kumtupia maneno. Nikamkuta ameketi kwenye kiti cha jikoni, barua yako juu ya mapaja, Chuma juu ya meza. Mama anasema hajala siku tatu, chai tu. Nikamwita, akasema, "Nilisikiaka Padri anacheka. Ule muchana nilimusikia, nikiwa jikoni." Basi.

Hasira yangu ilikwisha pale pale. Nilioga, nikamchinjia kuku, akala paja moja.

Jumatatu asubuhi alivaa koti lake, akachukua zile karatasi za sahihi, akatoka kwa miguu. Hakuniambia anakwenda wapi. Nilirudi Bukavu bila kumwona.

Aubin


Katana, tarehe 16 Machi 1975

Sidonie,

Ninakujibu swali lako kwanza. Sikujua.

Mwandiko ni wangu. Padri alinichagua nikiwa na miaka kumi na mitatu kwa sababu namba zangu zilikuwa safi. Yeye alipima na kutaja, mimi niliandika. Lakini kabla ya kunipa daftari alikuwa anaikunja ile safu ya mwisho kwenda nyuma. Siku moja nikamwuliza kuna nini pale. Akasema, "Pale ni mimi na Mungu." Na juu ya kupima aliniambia maneno ya Injili, kwamba hata nywele za vichwa vyenu zimehesabiwa zote. Basi nikaamini ninaandika katika kitabu cha Mungu. Wenzangu hawakujua hata kwamba zile ni namba, walisikia Kifaransa wakaitika Amina. Mimi nilijua ni namba, na nikaitika kwa sauti kupita wao.

Miaka ishirini na mitatu nilishika daftari lile. Lilikuwa juu ya meza yeye akiwa misani, na mimi ninafuta meza. Ningeweza kuikunjua ile karatasi kwa kidole kimoja. Sikuikunjua hata mara moja, na nilijisifu kwa hilo. Nilimwambia Mama yako juzi. Akasema, "Batu banakuitaka mwaminifu. Ulikuwa mujinga, papa." Halafu tukalia wote wawili, yeye kwa sauti.

Lakini jambo linaloniuma kupita mtihani ni la ndugu yako. Siku ile ya mwaka 1951 niliandika jina la Aubin kwa herufi kubwa, nikamtazama Padri. Alitabasamu. Nilifikiri tunafurahi pamoja. Baadaye nikamsikia anacheka chumbani mwake, nikiwa ninamkaangia mayai, na nikasema moyoni, leo Padri ana furaha. Nilimwongezea yai moja.

Mwambie Aubin, maana alipokuwa hapa sikuweza: jina lile nililitoa kwa upendo. Amelitumia miaka thelathini na hajamdharau mutu nalo. Akilitaka ni lake, halina tena mwenyewe mwingine. Asipolitaka, la baba yangu lipo.

Utaniuliza kama Padri hakufanya jema lolote. Alifanya. Alinitibu homa mara nyingi, na maji ya bomba pale shuleni ni kazi yake. Anayetaka kuyasema hayo ayaseme, sitamfunga mdomo. Lakini kuandika jina la mutu juu ya mlango wa shule ni kuwaambia watoto wanaoingia kwamba huyu aliwajua na kuwatakia makubwa. Hakutujua. Alitupima.

Nimezunguka tena na zile karatasi za sahihi. Ninaingia nyumba kwa nyumba, ninasoma nakala yako, ninatoa kalamu. Mpaka leo arobaini na mmoja wamefuta majina yao. Wengine wamenikaripia. Mmoja, tuliyesoma dawati moja, amenifukuza mbele ya wake zake, anasema ninatafuta cheo cha Chama. Nilimwonyesha mstari wake mwenyewe? Hapana, sinao, na sikutaka kuuona. Lakini nikakumbuka upana wa kichwa chake. Nilipotoka nje nikagundua kwamba bado ninazikumbuka namba zote, za watoto wote. Hapo nikaketi kando ya barabara.

Ninakuja tarehe 21. Chuma ninakileta, usishtuke. Hakitamgusa mutoto yeyote. Nimewabariki kwa miaka kumi na tano na kitu cha kuwatukana, na ni lazima niwaambie kwa kinywa changu. Direkta Sikuli amesikia habari hizi, ananiomba nisije, ananiomba nitume tu neno kwamba nimeugua. Mwambie nimepona.

Mutoto msimpe jina bado. Nataka kumshika kichwa kwanza kwa mikono mitupu.

Na madaftari uyatunze, usiyachome. Lile la mwaka 1938 uniwekee mezani mbele ya watoto, karatasi ikiwa imekunjwa kama alivyokuwa ananipa. Nitaikunjua mimi. Yale maneno ya Padri nitayasoma mwenyewe, sauti yangu itatosha. Lakini alama ya hesabu usome wewe, pamoja na ile "wa kwanza kati ya thelathini na wanne." Mama yako anakuja nami kwa meli ile ile, anasema hataamini mpaka asikie. Soma pole pole, Sidonie. Yule mutoto wa miaka kumi na minne hajaambiwa bado.

Papa yako,
Zihindula